Mita 750 za Maji: Hesabu ya Triathloni kwa Mtu wa Morogoro

Triathloni fupi, ile inayoitwa sprinti, ina kilomita 25.75. Unaanza kwa kuogelea mita 750, unatoka majini na kupanda baiskeli kwa kilomita 20, kisha unaitundika baiskeli na kukimbia kilomita 5. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Ni nusu ya masafa ya Olimpiki, yenye mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10, na ndio mlango ambao wengi wetu, tunaokimbia baada ya kazi na kujilipia kiingilio, tunaingilia katika mchezo huu.

Gawa masafa hayo kwa asilimia. Baiskeli inachukua 77.7, mbio za miguu 19.4, na maji 2.9 tu. Ndiyo maana kila nikimweleza mtu mchezo huu pale Msamvu au Kihonda, swali la kwanza ni lilelile: baiskeli yake shilingi ngapi? Ni swali la haki, kwa kuwa picha za mashindano ya Ulaya zimejaa baiskeli za kaboni za dola 5,000 na zaidi, ambazo kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi milioni 12.5. Mtu akiona hivyo anafunga daftari. Lakini ukikaa chini na kalamu, ukapiga hesabu ya mtu wa kawaida wa mji huu, gharama haiko kwenye baiskeli. Iko kwenye ile asilimia 2.9.

Tuanze na muda. Mimi si mwepesi. Mtu wa kasi yangu anaogelea mita 100 kwa dakika 2 na nusu, kwa hiyo mita 750 ni dakika 18 na sekunde 45. Baiskeli kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni dakika 48. Mbio kwa dakika 6 kila kilomita ni dakika 30. Ongeza dakika 5 za kubadili mavazi na viatu mara mbili, unapata saa 1, dakika 41 na sekunde 45. Maji, yaliyokuwa asilimia 2.9 ya njia, sasa yamekula zaidi ya asilimia 18 ya muda.

Halafu pesa. Bei ninazotumia hapa ni makadirio yangu kwa mtu anayenunua mtumba na kupatana bei, na kila mmoja anaweza kubadilisha tarakimu akapata jibu lake. Raba nzuri za mtumba, shilingi 45,000, na nguo za kukimbilia 20,000: mbio zimekwisha, 65,000. Baiskeli ya resi ya mtumba yenye gia, 350,000, fundi abadilishe tairi, tyubu na breki kwa 50,000, na kofia ngumu 45,000. Kofia hiyo ni ya lazima. Katika triathloni unafunga mkanda wake kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, vinginevyo unaadhibiwa. Jumla ya baiskeli ni 445,000.

Maji sasa. Miwani ya kuogelea 20,000, nguo na kofia ya mpira 15,000. Kiingilio cha bwawa la hoteli tukiweke 10,000 kwa siku, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 za maandalizi: 360,000. Mwalimu wa kukusahihisha, masomo 12 ya shilingi 15,000: 180,000. Jumla 575,000.

Yote kwa pamoja ni shilingi 1,085,000, yaani zaidi kidogo ya mishahara miwili ya kima cha chini cha utumishi wa umma, ambacho Serikali ilikipandisha kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Katika kila shilingi 100 za mchezo huu, 53 zinaingia kwenye maji. Na hiyo ni kabla ya kukumbuka kwamba baiskeli ni mali. Msimu ukiisha unaweza kuiuza kwa 250,000 na gharama yake halisi ikabaki 195,000. Kiingilio cha bwawa hakiuziki. Ukipiga hesabu hiyo, maji yanakuwa karibu 69 katika kila 100.

Gawanya kwa kilomita uone vizuri zaidi. Kilomita 1 ya kukimbia imekugharimu shilingi 13,000. Ya baiskeli, 22,250. Ya kuogelea, 766,667. Mara 59 ya kukimbia.

Kitu kimoja cha gharama kinatuepuka huku kwetu, nacho ni vazi zito la mpira ambalo waogeleaji wa nchi za baridi huvaa. Sheria za mchezo zinalipiga marufuku kwa washiriki wa kawaida maji yakizidi nyuzi 22 za Selsiasi, na maji ya pwani yetu hayashuki kufikia hapo. Tunaokoa mamia ya dola. Lakini vazi lile pia humwelesha mtu, linamnyanyua nyonga na miguu akiwa majini. Mwogeleaji dhaifu wa Uingereza anabebwa na mpira, na mwogeleaji dhaifu wa Morogoro anabebwa na mapafu yake tu. Kwa hiyo ufundi ambao mwenzetu ameununua dukani, sisi lazima tuujenge mwilini, na kuujenga kunahitaji saa nyingi bwawani.

Mlima umeshafanya kazi yake

Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Uluguru inainuka hapohapo nyuma ya nyumba. Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano kinachoonekana ukiwa mjini, kina zaidi ya mita 2,100. Kimhandu, kusini zaidi, kinapita 2,600. Mtu anayetafuta mahali pa kujenga pumzi na mapaja hahitaji kulipa chochote: anatoka nyumbani alfajiri, anashika njia ya Morningside, na ndani ya saa moja amefanya mazoezi ambayo wenzake wa Dar es Salaam wanayatafuta kwenye mashine za ukumbini.

Nguvu za watu wa mlima huu zinapimika. Chukua mama wa Kiluguru aliyeshuka na mboga kwenye soko la Chifu Kingalu, sasa anarudi kijijini. Ana kilo 60, amebeba unga, sukari na sabuni za kilo 10, na kijiji chake tukiweke mita 700 juu ya mji. Kuinua kilo 70 kwa mita 700 ni kazi ya kilojuli 480 hivi. Mimi kwenye baiskeli, nikikanyaga kwa nguvu ya wati 150 kwa dakika 48, ninazalisha kilojuli 432. Yaani safari yake ya kurudi nyumbani imezidi kipande chote cha baiskeli cha triathloni fupi, naye ana kandambili, na kesho atashuka tena. Nikikutana naye njiani namwamkia "shikamoo mama" huku nimeshika kiuno natafuta hewa, naye ananiitikia "marahaba baba" kwa sauti ya mtu aliyekaa.

Vivyo hivyo kwa baiskeli. Simama asubuhi kwenye barabara ya Bigwa inayotoka Kiroka na Matombo utazame wanaoshusha ndizi: mikungu imefungwa pande zote mbili za keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, mmoja umelala juu, na mwendeshaji amesimama kwenye pedali kwa sababu pa kukalia hapajabaki. Breki ya nyuma anaisaidia kwa soli ya kandambili. Hao ni waendesha baiskeli kamili. Hakuna wa kuwafundisha kubeba uchovu.

Je, uzito wa baiskeli ya Kichina ya kilo 18 au 20 hauwaangushi mbele ya mwenye resi ya kilo 9? Unawachelewesha, lakini kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kilo 10 za ziada kwenye mwinuko wa mita 100 ni kazi ya kilojuli 9.8. Kwa mtu anayekanyaga wati 150, hiyo ni sekunde 65. Kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo, na anayeinama vizuri anaupunguza bila kulipa. Gia moja itamtesa mlimani, kweli. Lakini mtu mwenye baiskeli ya kawaida, kwenye njia isiyo na vilima vikali, bado yumo mashindanoni.

Ninachoogopa kwenye baiskeli ni barabara. Kilomita 20 za kwenda Mindu na kurudi zinapatikana kirahisi kwenye barabara ya Iringa, ambayo ndiyo njia kuu ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Lori lenye tela likikupita karibu, upepo wake kwanza unakusukuma nje kwenye kokoto, kisha unakuvuta ndani kuelekea magurudumu ya nyuma. Nimeacha kufanya mazoezi huko. Mtu akitaka kuweka mashindano Morogoro, hesabu yake ya usalama ianzie hapo: mzunguko wa kilomita 5 kwenye barabara tulivu, mara 4, ni bora kuliko kilomita 20 za moja kwa moja kati ya malori.

Kwa mbio za miguu sina haja ya kueleza mengi kwa msomaji wa Kitanzania. Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu za mia za sekunde.

Kuta 49

Sasa turudi majini, maana ndiko mchezo unakoamuliwa. Mabwawa ya hoteli yamejengwa kwa ajili ya wageni kujipoza, si kwa kuhesabu masafa. Bwawa la mita 15 linahitaji kuvukwa mara 50 ili upate mita 750. Ina maana unagusa ukuta mara 49 njiani. Kila ukuta unakupa pumzi moja ya ziada, kisha unajisukuma kwa miguu na kuteleza mita 2 bila kupiga mkono. Mita 2 mara 49 ni mita 98. Zaidi ya asilimia 13 ya "kuogelea" kwako ni kazi ya mapaja na saruji.

Kwenye maji ya wazi kuta zote 49 zinatoweka. Hakuna mstari mweusi chini wa kukuongoza. Unainua kichwa kila baada ya mikono kadhaa kutafuta boya la rangi, na kila kichwa kinapoinuka miguu inazama. Kiwiko cha jirani kinakupiga miwani. Unameza maji ya chumvi wakati uliodhani unavuta hewa, na mwili unaanza kukataa: kifua kinabana, mikono inakuwa mifupi, mtindo uliojifunza kwa miezi unapotea ndani ya mita 100 za mwanzo. Mtu aliyezoea bahari anageuka chali, anapumua mara kumi, anaendelea. Asiyezoea anatafuta mtumbwi wa waokoaji.

Iweke kwenye tarakimu. Kasi ya dakika 2 na nusu kwa mita 100 inashuka hadi dakika 3. Kwa kupinda huku na huku unaongeza masafa kwa asilimia 10, kwa hiyo mita 750 zinakuwa 825. Muda mpya ni dakika 24 na sekunde 45. Umepoteza dakika 6 kamili. Kumbuka kilo 10 za baiskeli nzito zilikugharimu sekunde 65 kwa kila mita 100 za kupanda. Ili uzito huo ukupotezee dakika 6, ingebidi upande zaidi ya mita 550 ndani ya kilomita zako 20.

Na si muda tu unaopotea. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2017 katika jarida la Annals of Internal Medicine walikusanya matukio 135 ya vifo na ya moyo kusimama ghafla katika triathloni za nchi yao kuanzia 1985 hadi 2016. Matukio 90 yalitokea wakati wa kuogelea. Kwa jumla hatari ni ndogo, 1.74 kwa kila washiriki 100,000, lakini theluthi mbili za misiba zimebanana kwenye kipande kifupi kuliko vyote. Hao ni watu wa nchi yenye mabwawa mashuleni na waokoaji waliosomea kazi. Kwetu mzigo wa maji ni mzito zaidi hata nje ya michezo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi duniani walikufa maji, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya aina hii hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kuna watakaosema: Morogoro ina maji tele, kwa nini kulipia bwawa? Uluguru ndiyo chemchemi ya mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam na Pwani. Bwawa la Mindu liko ukingoni mwa mji. Lakini mito inayoshuka mlimani ni ya mawe na maporomoko. Pale Rock Garden unaloa na kufurahi, ila mita 50 za kuogelea mfululizo huzipati. Mindu ni maji ya kunywa ya manispaa, na maji baridi yaliyotulia ya nchi hii yana hatari ya kichocho: vijidudu hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu, lakini mchezo unaomlazimu mtu kumeza dawa kila baada ya mazoezi haujapangwa vizuri.

Inabaki bahari, na hapa reli imebadilisha hesabu. Tangu Juni 14, 2024 treni ya mwendokasi inafika Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, na nauli ya kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Kwa bei nilizotumia, hizo ni zaidi kidogo ya siku 2 na nusu za bwawa la hoteli. Mtu anayejiandaa akaenda pwani hata mara moja kwa mwezi, akaogelea na wenzake chini ya uangalizi, anapata kile ambacho bwawa la mita 15 haliwezi kumpa.

Ndoo 16,875

Tanzania ilipeleka wanamichezo 7 kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Wanne walikuwa wakimbiaji wa marathoni: Simbu, Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu. Mmoja alikuwa wa judo, Andrew Mlugu. Wawili walikuwa waogeleaji: Collins Saliboko wa mita 100 na Sophia Latiff wa mita 50. Hakukuwa na baiskeli. Orodha hiyo fupi inaeleza nchi yetu kuliko hotuba nyingi: mbio ndefu za kutosha kushindana na dunia, na kuogelea kwa kupimwa kwa makumi ya mita. Triathloni imo Olimpiki tangu Sydney 2000 na hatujawahi kuwa na mtu kwenye mstari wake wa kuanzia. Majirani wamesogea: Agosti 2022 Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, iliandaa Ironman 70.3 ya kwanza katika ukanda wetu, yenye kilomita 1.9 majini, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio.

Nini kingehitajika hapa? Bwawa moja la mita 25 lenye njia 4, kwenye taasisi ya umma, basi. Tulipime. Urefu mita 25, upana 10, kina cha wastani mita 1.35: mita za ujazo 337.5, sawa na lita 337,500. Kwa ndoo za lita 20 tunazozijua wote, ni ndoo 16,875. Katika mji ambao mitaa mingine inasubiri mgao wa maji, idadi hiyo inatisha, na mtu anayeitetea lazima aijibu bila kukwepa.

Jibu ni kwamba bwawa hujazwa mara moja. Maji huzungushwa kwenye chujio na kutiwa dawa, na kinachoongezwa kila siku ni kilichokauka na kilichomwagika. Mvuke ukichukua milimita 5 kwa siku juu ya eneo la mita za mraba 250, ni lita 1,250, yaani ndoo 63 hivi. Paa la darasa lenye mita za mraba 500, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, linakusanya lita 400,000. Linalipia miezi 10 na nusu hivi ya mvuke huo, kabla ya kuhesabu mvua inayoanguka moja kwa moja bwawani.

Na linafundisha wangapi? Darasa la watoto 12, vipindi 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka: nafasi 9,600. Kila mtoto akipewa vipindi 20, watoto 480 kwa mwaka wanatoka wakijua kuelea, kugeuka chali na kuogelea hadi ukingoni. Kati yao wachache watashindana. Wote watakuwa na nafasi nzuri ya kupona siku mtumbwi utakapopinduka, na hiyo ndiyo sababu ninayoiweka mbele ya medali yoyote.

Kabla bwawa halijajengwa, yapo mambo ya kuanza nayo. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea baharini wakiwa na mavazi ya kujisitiri na madumu ya plastiki yaliyofungwa vizuri ya kuwaelesha. Dumu tupu la lita 5 linasukumwa juu na maji kwa nguvu ya kutosha kubeba uzito wa karibu kilo 5. Mwili wa binadamu, ukiwa umezama hadi shingoni, umebaki na uzito wa kilo chache tu, kwa hiyo dumu la mafuta ya kula linatosha kumtuliza mwanafunzi hadi apate pumzi yake. Wasichana wale walifundishwa na wanawake, kwenye maji ambayo wazazi wao waliyakubali. Morogoro bado hatujapata jibu kama hilo. Bwawa la hoteli lenye muziki mkubwa na meza za bia pembeni linawafungia nje akina dada wengi hata kama kiingilio kingekuwa bure. Saa mbili za wanawake, asubuhi moja kwa wiki, hazimgharimu mwenye hoteli chochote kikubwa, kwa kuwa asubuhi ya Jumanne bwawa lake liko tupu.

Mashindano yenyewe yanaweza kuanza hata mwaka huu, kwa kiasi cha mji wetu. Triathloni ya kwanza inayotambulika ilifanyika Mission Bay, San Diego, Septemba 25, 1974, na ilikuwa na watu 46. Iliandaliwa na wanachama wa klabu ya wakimbiaji, si waogeleaji. Morogoro ina vilabu vya mbio, ina chuo kikuu cha Sokoine chini ya mlima, ina Mzumbe, ina wanafunzi wa kushika saa za mkononi.

Chukua washiriki 48. Katika bwawa la mita 25 lenye njia 4, watu 3 kila njia, wanaingia 12 kwa wakati mmoja, na makundi yako ni 4. Kwa bwawa dogo la hoteli unapunguza: watu 8, makundi 6, na masafa ya mita 400, ambayo ndiyo masafa ya kuanzia yanayotumika sehemu nyingi pamoja na kilomita 10 za baiskeli na 2.5 za mbio. Maji ya bwawa yanaonekana hadi chini, mwokoaji anamwona kila mtu, na mwenye hofu anashika ukuta bila aibu.

Makadirio yangu ya bajeti, kwa watu 48 na bwawa la mita 25: kukodi bwawa kwa asubuhi 400,000, waokoaji wanne 160,000, gari la wagonjwa na muuguzi 250,000, posho za wasimamizi wa makutano, baada ya kibali cha polisi, 300,000, maji, ndizi na namba za kifuani 190,000. Jumla 1,300,000, sawa na shilingi 27,083 kwa mtu. Kiingilio cha 30,000 kinalipa kila kitu na kubakiza 140,000 za kumlipia mtoto mmoja au wawili masomo kadhaa ya kuogelea. Ziwa au bahari ingehitaji mitumbwi, maboya, redio za mawasiliano na waokoaji zaidi, na kiingilio kingepanda juu zaidi kabla hujanunua hata medali.

Kundi la kwanza liingie majini saa 1 kamili asubuhi, la pili saa 1 na nusu, la tatu saa 2, la nne saa 2 na nusu. Mshiriki wa mwisho wa kundi la mwisho, hata akitumia saa 2 nzima, atakuwa amemaliza saa 4 na nusu, jua la Morogoro likiwa bado halijawa kali. Kinachokosekana ni mwenye bwawa wa kukubali tarehe, na klabu moja ya mbio ya kuanza kupeleka watu wake majini miezi mitatu kabla.